Soko la Mbwa wa Nyumbani: Kwa Nini Labrador Anauzika

Katika nchi za Magharibi mbwa wa nyumbani ni biashara kubwa, na kwa miaka mingi jina moja ndilo lililotawala. Kwa mujibu wa kumbukumbu za American Kennel Club, chama kinachoandikisha mbwa wenye nasaba huko Marekani, Labrador retriever alishika nafasi ya kwanza tangu mwaka 1991 hadi 2021, yaani miaka 31 mfululizo. Mwaka 2022 alipitwa na French bulldog, mbwa mdogo anayewafaa wakazi wa maghorofa.

Kila mfanyabiashara anajua kuwa bidhaa haiongozi soko kwa miaka 31 kwa sababu ya sura peke yake. Ukurasa huu wiki hii unaeleza familia hununua nini hasa zinapomchagua mbwa huyu, na mahali ambapo mnunuzi mwenye haraka huingia hasara.

Chanzo cha mali

Asili ya Labrador ni kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ambako wavuvi walimtumia kuvuta nyavu na kuokota samaki waliochomoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 mbwa hao walifika bandari ya Poole, Uingereza, katika meli za biashara ya samaki. Makabaila wa huko, wakiwemo wa ukoo wa Malmesbury na wa Buccleuch, waliwazalisha kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi. Chama cha mbwa cha Uingereza kilimtambua rasmi mwaka 1903, na cha Marekani mwaka 1917.

Kazi hiyo ilikuwa na masharti magumu. Mbwa alitakiwa kumleta ndege bila kumtafuna, kukaa kimya mpaka aamriwe, na kuvumilia kelele za bunduki na umati wa wageni. Aliyeshindwa hakupewa nafasi ya kuzaa. Vizazi vingi vya uchaguzi huo vilileta mbwa mwenye mdomo laini, subira na usikivu, na sifa hizo ndizo anazozitafuta mzazi mwenye watoto nyumbani.

Kwa hiyo kinachouzwa hapa ni uhakika. Mbwa asiye na nasaba anaweza kuwa mzuri kama Labrador au kumzidi, lakini akiwa na umri wa wiki nane ni vigumu kujua atakuwaje. Kwa Labrador makisio yapo: atafikia uzito wa kilo 25 hadi 36, atakuwa na manyoya mafupi yanayopukutika sana, na kwa kawaida atapenda watu. Hata hivyo makisio si dhamana. Labrador mchanga ana nguvu na utundu mwingi, huhitaji mazoezi na mafunzo kila siku, na hapaswi kuachwa peke yake na mtoto mdogo.

Tamaa ya chakula

Labrador hufundishika upesi kwa sababu yuko tayari kufanya kazi kwa malipo ya kipande cha chakula. Lakini sifa hiyo ina gharama zake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kuwa kiasi cha Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro katika jini liitwalo POMC, ambayo humfanya asikie njaa zaidi. Miongoni mwa Labrador waliofunzwa kuwasaidia walemavu, wenye kasoro hiyo walikuwa karibu robo tatu.

Mwenye mbwa asiyepima chakula hujikuta na mbwa mnene, mwenye maumivu ya viungo na madeni kwa daktari wa mifugo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Ni nadra katika biashara kupunguza matumizi na kupata mali inayodumu zaidi.

Bei na gharama

Wanunuzi wengi hutazama bei ya kununulia tu. Labrador huishi miaka 10 hadi 12 hivi. Miaka 12 ni siku 4,380 za chakula, mbali na chanjo na matibabu. Fedha inayolipwa siku ya kwanza ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Aidha, jina zuri huvutia wauzaji wabaya. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, mahitaji ya watoto wa mbwa nchini Uingereza yalizidi idadi iliyokuwepo na bei zikapanda sana. Wauzaji wa haraka walijitokeza, na baadhi ya familia zilitambua baadaye kuwa haziwezi kumtunza mbwa zilizemnunua. Mwaka huohuo sheria ya Uingereza ilipiga marufuku madalali kuuza watoto wa mbwa wenye umri chini ya miezi sita. Mnunuzi sasa lazima aende kwa mfugaji mwenyewe au kituo kinachohifadhi mbwa waliotelekezwa.

Ushauri kwa mnunuzi

Udhaifu mkubwa wa Labrador uko kwenye nyonga, viwiko na macho, na mara nyingi hurithiwa. Uingereza nyonga hupigwa picha ya eksirei na kupewa alama kuanzia 0 hadi 106. Kadiri alama zinavyopungua ndivyo nyonga zinavyokuwa bora. Dai vyeti vya wazazi wote wawili, na umwone mama akiwa na watoto wake. Muuzaji anayesita katika mambo hayo mawili aachwe, hata kama bei yake ni nafuu.

Na mwekezaji mdogo anayefikiria kuzalisha kwa faida ya haraka afanye hesabu kwanza. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na watoto hulishwa hadi wiki nane kabla ya kuuzwa. Vipimo, chanjo na chakula hulipwa kabla ya senti ya kwanza kuingia. Anayekata gharama hizo ili aongeze faida humhamishia mnunuzi hasara yote, na mara nyingi mnunuzi huyo ni familia ambayo watoto wake wameshampenda mbwa.