Nilibonyeza ‘y’, kompaila ya wenyewe ikapotea

Saa saba mchana simu ikalia. “Wewe, umefanyia laptopu yangu nini?” Hakuna salamu, hakuna mambo vipi.

Aliyepiga ni comrade mmoja wa Juja, mwaka wa tatu, anasomea kompyuta. Usiku uliotangulia nilikuwa nimempandishia Ubuntu kutoka 20.04 hadi 22.04, kwa sababu usaidizi wa kawaida wa 20.04 ulifika mwisho 2025 na hakutaka kubaki na mashine isiyopata viraka vya usalama. Tulikubaliana elfu moja. Kazi iliisha saa nane usiku, laptopu ikawaka vizuri, Wi-Fi ikashika, nikamrudishia asubuhi nikijiona fundi kweli.

Sasa alikuwa na mradi wa kikundi wa lugha ya C, wa kuwasilishwa saa kumi na moja jioni siku hiyo hiyo. Akiandika `gcc` kwenye terminali, anajibiwa kwamba amri haipo.

Kama hujawahi kugusa C, gcc ndiyo kompaila: inachukua ulichoandika na kukigeuza kuwa programu ambayo mashine inaweza kuendesha. Bila hiyo, mradi wa watu wanne ni maandishi tu.

Jibu la haraka ambalo kila mtu atakupa ni kusakinisha upya. Ni kweli lakini mimi nilitaka kujua kwanza imeenda wapi, maana amri “kupotea” kuna namna tatu: haimo kabisa, imo kwa jina lingine, au imo mahali ambapo mfumo hautafuti. Nikamwambia aandike `ls -l /usr/bin/gcc*`. Kusomea mtu amri kwa simu ni kazi, jo. “Acha nafasi. Kistari. Hapana, si L kubwa.”

Akanitumia picha kwa WhatsApp. Pale palikuwa na gcc, ila imeandikwa kwa rangi nyekundu, na mshale unaoelekea `/usr/bin/gcc-8`. Hiyo gcc-8 yenyewe haikuwepo. Kumbe gcc ilikuwa kiungo tu, kama kibao cha “duka liko nyuma” na ukifika nyuma unakuta kiwanja kitupu.

Hapo akakumbuka. Laptopu aliachiwa na binamu yake, na binamu alikuwa na programu fulani ya zamani iliyokataa kompaila mpya. Akaondoa ile ya kawaida, akabaki na toleo la 8 peke yake na kuunda kiungo kwa mkono.

Nani aliondoa toleo la 8? Nikamwambia afungue kumbukumbu zilizo ndani ya `/var/log/dist-upgrade`. Jina la gcc-8 lilikuwa kwenye orodha ya vilivyotolewa. Karibu na mwisho wa kupandisha toleo, Ubuntu huuliza kama iondoe vifurushi vilivyopitwa na wakati. Ubuntu 22.04 haina gcc-8 kwenye hazina yake, kwa hivyo iliihesabu kuwa takataka. Ikaniuliza vizuri kabisa. Mimi, na usingizi wangu wa saa nane, nikabonyeza ‘y’ bila kusoma orodha. Huyo mwizi alikuwa mimi.

Nilimwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, “Sawa. Tunafanya nini?”

Tukaandika `sudo apt install build-essential`. Kifurushi hiki kinaleta gcc, g++, make na faili za msingi za C kwa mkupuo, na kile kiungo kilichokufa kinabadilishwa na kizuri. Bando yake iliisha katikati, nikamnunulia nyingine. Saa nane na nusu `gcc --version` ikajibu 11. Nikapumua.

Mapema mno. Akaandika `make`, ikakataa: Error 127, gcc-8 haipatikani. Nambari 127 maana yake ni ile ile, amri haikuonekana. Faili yao ya Makefile ilikuwa na mstari `CC = gcc-8`. Akafuta ile -8.

Ndipo likaja lile lililonitoa jasho: `multiple definition of 'idadi'`, mara tatu. Alianza kulia, naye si mtu wa kulia. Kodi ilikuwa haijaguswa, na jana yake ilikuwa inakubali.

Kikundi kilikuwa kimeandika `int idadi;` ndani ya faili ya .h inayotumiwa na faili nne za .c. Hadi toleo la 9, gcc ilikuwa inafumbia macho jambo hili na kuziunganisha zote ziwe kitu kimoja. Kuanzia toleo la 10, lililotoka 2020, kila moja inahesabiwa kivyake, na kiunganishi kinagoma. Tulikuwa tumeruka kutoka 8 hadi 11 usiku mmoja.

Ungeweza kuongeza `-fcommon` kwenye Makefile na mambo yakapita. Tulijaribu, ikakubali. Lakini mhadhiri angekompaili kwa mashine yake, bila kujua Makefile yao imefichwa plasta, na mimi sipendi plasta. Tukaweka `extern int idadi;` kwenye ile .h, na `int idadi;` kwenye faili moja tu ya .c. Akaandika `make`. Kimya, halafu programu ikatokea.

Aliwasilisha saa kumi na dakika arobaini na saba.

Siku hizi kabla ya kupandisha mashine ya mtu naandika `dpkg --get-selections > vifurushi.txt`, naiweka kwa flashi, na ile orodha ya kuondolewa naisoma hadi mwisho hata kama ni saa tisa usiku. Ile elfu moja hajanilipa, nami sijauliza.