Likasi: Neno la siri ni sahihi, lakini kompyuta inakataa

Kisanduku kidogo kinatokea katikati ya kioo cha kompyuta, kinaomba neno la siri. Karani analiandika. Kisanduku kinarudi. Analiandika tena, polepole, herufi kwa herufi, na kinarudi vilevile. Kwa mtu wa Buluo anayengoja fakture kutoka Lubumbashi, au karatasi za mzigo uliokwama Kasumbalesa, huo si mchezo. Karatasi zisipofika, lori linalala mpakani, na kila usiku linaolala una bei yake.

Buluo, upande wa Likasi, inajulikana na wengi nchini kwa sababu ya gereza lake. Lakini huko pia kuna watu wa biashara, walimu na makarani, na barua pepe zao zinafanya kazi ileile kama za Lubumbashi au Kolwezi. Programu za kompyuta kama Outlook na Thunderbird zinawafaa kwa sababu moja rahisi: zinashusha barua ndani ya mashini. Mega zikiisha, au umeme ukikatika na kubaki betri tu, barua ya jana bado inasomeka.

Tatizo ni kwamba makampuni makubwa yamebadilisha kufuli, na watu wengi hawakupata habari. Zamani programu ilihifadhi neno lako la siri na kulipeleka kwenye seva kila ilipotafuta barua mpya. Aliyeliiba mara moja alikuwa na kila kitu. Yahoo ilianza kukataa mtindo huo mwishoni mwa mwaka 2020, na hapo wenye anwani za yahoo.fr, ambazo ni nyingi kwetu, wakaguswa. Google ikafuata kwa akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022. Microsoft iliuondoa kwa akaunti za makampuni kuanzia Oktoba 2022, kisha kwa anwani za kawaida za Outlook na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024.

Mtindo mpya unaitwa OAuth2. Jina ni gumu, kazi yake si ngumu. Programu hailishiki tena neno la siri. Inafungua ukurasa wa kampuni yenyewe, mwenye akaunti anaandika neno lake pale, na kampuni inaipa programu jetoni, kama ile anayopewa mtu mlangoni ili asiulizwe tena jina. Jetoni ikipotea inafutwa, na neno la siri linabaki salama. Ndiyo maana neno lililo sahihi kabisa linaweza kukataliwa: si neno lililokosewa, ni njia ya kulipeleka iliyofungwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kubadilisha neno la siri, ingawa ndilo jambo ambalo karibu kila mtu hulikimbilia. Hatua ya kwanza ni kufungua kivinjari, Chrome au Firefox, na kuingia kwenye barua pepe kupitia ukurasa wa kampuni. Ukiingia, akaunti ni nzima na ugonjwa uko kwenye programu. Usipoingia, kuichokonoa programu ni kupoteza asubuhi bure.

Kama ugonjwa uko kwenye programu, katika Thunderbird mtu anaingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, na kuangalia mstari wa «Méthode d'authentification». Ukisema «Mot de passe normal» na anwani ni ya Gmail, Yahoo au Hotmail, unabadilishwa kuwa «OAuth2». Vilevile kwa seva ya kutuma, ambayo watu wengi huisahau kwa sababu iko sehemu nyingine, chini kabisa ya orodha. Kisha neno la zamani linafutwa kwenye orodha ya maneno yaliyohifadhiwa, la sivyo programu itaendelea kulitumia kimyakimya.

Dalili ya seva ya kutuma iliyosahauliwa ni rahisi kuitambua: barua zinaingia, lakini hazitoki. Hapo hakuna haja ya kugusa upande wa kupokea. Inaangaliwa kama seva ya kutuma nayo imewekewa jina na njia ya kuingia, na kama mlango wake ni 587 au 465. Mlango wa zamani, 25, unafungwa mahali pengi kwa sababu ya watumaji wa takataka.

Outlook ya zamani ni habari nyingine. Outlook 2010 haijui OAuth2 kabisa, na hakuna kitufe kitakachoifundisha. Kwa Gmail na Yahoo kuna njia ya pembeni: neno la siri la programu, ambalo kampuni yenyewe inalitengeneza. La Google lina herufi 16, na halipatikani mpaka mtu awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili. Kwa Hotmail hata njia hiyo imezibwa. Mwenye kompyuta ya Windows 7 anaweza kuweka Thunderbird toleo la 115, ambalo ni la mwisho kuikubali mashini hiyo.

Sasa, kama hata kivinjari kinakataa, mtu asiseme haraka kwamba ameibiwa. Aangalie vidole vyake kwanza.

Katika Katanga kompyuta zinakuja kutoka pande zote. Nyingine zina kibodi ya Kifaransa, klavie ya AZERTY tuliyoizoea. Nyingine zinapita Zambia zikitoka Afrika Kusini, au zinatoka Dubai, na kibodi zao ni za Kiingereza. Palipo na A kwenye ya Kifaransa, ya Kiingereza ina Q. Z na W zinabadilishana nafasi. M imehama kutoka pembeni mwa L. Namba za mstari wa juu, kwenye AZERTY, hazitoki mpaka ubonyeze Maj. Windows inaweza kuwa imepangwa kwa lugha moja huku vitufe vimechorwa kwa nyingine, na kwa kuwa neno la siri linaonyesha vidoto tu, mwandishi haoni kosa. Anaweza kukosea mara kumi akiwa na uhakika kila mara.

Dawa yake ni ya dakika moja. Fungua «Bloc-notes», andika neno la siri pale, lisome, kisha lifute bila kulihifadhi. Likitoka tofauti, angalia chini kulia ya kioo kama pameandikwa FRA au ENG, na ubadilishe. Wengine wamefungua akaunti mpya kabisa, wakapoteza anwani ambayo wateja wao wote waliijua, kwa sababu ya herufi Q tu.

Kingine ni saa. Kompyuta ya mezani iliyozeeka ina betri ndogo ya duara kwenye kadi mama, ya aina ya CR2032. Ikifa, kila umeme unapokatika mashini inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Cheti cha usalama cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 inaona cheti hicho hakijazaliwa, basi inakataa kuzungumza na seva. Betri hiyo haina bei kubwa.

Na kuna kosa la saa ambalo ni letu hasa. Likasi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Simu ikipangwa kwa saa ya Kinshasa, halafu mwenyewe akaisogeza kwa mkono ili ilingane na ya Likasi, uso wa saa unasema kweli lakini ndani simu imekosea kwa saa nzima. Kwa kupiga simu haidhuru. Lakini programu za uthibitisho zinazotoa namba mpya kila sekunde 30 zinahesabu kwa saa hiyo ya ndani, na namba zake zote zitakataliwa. Simu ichaguliwe saa ya Lubumbashi, au iachwe ijipange yenyewe kwa mtandao.

Kujaribu mara nyingi nako kuna hatari. Baada ya makosa kadhaa seva inafunga mlango kwa muda, na hata neno sahihi halipiti. Kwenye ofisi au siberi ambapo kompyuta zote zinatoka nje kwa anwani moja ya mtandao, mashini moja yenye neno la zamani inaweza kufungisha nyingine zote. Hilo hutokea hasa baada ya kubadilisha neno la siri: simu ya bosi iliyosahauliwa mfukoni inaendelea kubisha kila dakika chache kwa neno la zamani. Inazimwa kwanza, watu wanangoja, kisha wanajaribu.

Kosa baya kuliko yote hufanywa kwa nia njema. Fundi anakuja, anahangaika, mwishoni anasema: «Papa, tufute akaunti tuiweke upya.» Kama akaunti iliwekwa kwa IMAP, barua ziko kwenye seva na zitarudi. Kama iliwekwa kwa POP, inawezekana seva haikubaki na kitu, na barua za miaka mitano ziko kwenye mashini hiyo peke yake. Kabla ya fundi kufuta chochote, mwenye kompyuta amuulize ni ipi kati ya hizo mbili, na faili za barua zinakiliwe kwenye fleshi. Kwa Outlook ni faili zinazoishia na .pst. Kwa Thunderbird ni folda nzima ya profaili.

Neno la siri lenyewe halipewi fundi kwenye kikaratasi. Mwenyewe aketi, aliandike kwa mkono wake. Na barua inayofika siku hizohizo za shida ikisema sanduku limejaa, bonyeza hapa uthibitishe, haitoki kwa Google wala kwa Yahoo. Kuingia kwenye mashini au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Dijitali ya nchi, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, lakini kesi haitarudisha barua zilizofutwa.

Inabaki namba ya simu. Akaunti nyingi zilifunguliwa kwa laini ambayo mwenyewe aliitupa zamani. Laini isiyotumika inarudishwa kwa kampuni na kuuzwa kwa mwingine, na siku ya shida namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu ya mtu asiyejulikana. Kuibadilisha kunawezekana wakati mtu bado anaingia kwenye akaunti yake, kwenye sehemu ya usalama, na hapo ndipo pa kuongeza pia anwani ya pili ya kuokolea akaunti.