Je, Wajua? Barua ya Watoza Kodi Iliyookoa Maisha

Je, wajua kwamba Marekani iliwahi kumtoza faini mtu aliyekaa bila bima ya afya, tena faini hiyo ikalipwa pamoja na kodi ya mapato? Sheria aliyoisaini Barack Obama mwezi Machi 2010 ilimtaka karibu kila mtu awe na bima kuanzia 2014. Mwaka huo, mtu mzima asiye na bima alidaiwa dola 95 au asilimia 1 ya kipato kilichozidi kiwango cha kulazimika kuwasilisha ritani. Alilipa kilicho kikubwa. Kufikia 2016 ilikuwa dola 695 au asilimia 2.5.

Je, ilikuwa kodi au si kodi? Mwaka 2012, katika kesi ya kuipinga sheria hiyo, Mahakama ya Juu ilijibu yote mawili. Iko sheria ya zamani inayokataza kuipinga kodi mahakamani kabla ya kuilipa. Kwa sheria hiyo, majaji walisema, faini hii si kodi, basi kesi isikilizwe. Kisha, katika hukumu ileile, Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba kwa Katiba inaweza kuhesabiwa kuwa kodi, na Bunge lina haki ya kutoza kodi. Sheria ikapona kwa kura 5 dhidi ya 4.

Waamish, kundi la Wakristo, walisamehewa faini kwa sababu ya imani yao. Na aliyegoma kulipa hakufungwa wala kukamatiwa mali: mamlaka ya kodi iliweza tu kukata fedha alizostahili kurudishiwa.

Tangu 2019 faini ya taifa ni sifuri. Lakini ndugu zetu wanaoishi California, New Jersey, Massachusetts au Rhode Island wasijisahau, maana majimbo hayo yana faini zake.

Kinachonigusa zaidi ni barua. Mwaka 2017 ulipokaribia, mamlaka ya kodi ilitaka kuziandikia kaya zipatazo milioni 4.5 zilizokuwa zimelipa faini, kuzieleza namna ya kupata bima. Bajeti haikutosha. Zikaandikiwa kaya milioni 3.9, na zilizoachwa zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Bila kukusudia, upungufu huo wa fedha ukawapa watafiti jaribio kamili: makundi mawili yanayofanana, tofauti yao ni bahasha tu.

Watafiti watatu walifuatilia. Waliopata barua walijiunga na bima kwa wingi zaidi. Na miongoni mwa watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa hawana bima, kwa kila watu 1,648 walioandikiwa, kifo kimoja kilizuilika. Ni karatasi moja, wino kidogo na stempu. Kaya zaidi ya laki tano hazikuipata.