Kupima Ukavu wa Mti Kabla ya Kuukereza

Mti uliokatwa hubeba maji ya namna mbili, yaani maji huru yaliyomo katika matundu ya seli, na maji yaliyonaswa ndani ya kuta za seli zenyewe. Maji huru hutoka kwanza, nayo hupunguza uzito bila kubadili umbo. Lakini unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30, kuta za seli huanza kunywea, na hapo ndipo mti husinyaa, hupinda na kupasuka. Kwa kuwa mti husinyaa karibu maradufu kwa kufuata pete za ukuaji kuliko kutoka kiini kuelekea ganda, bakuli lililokerezwa duara katika mti mbichi huishia kuwa na umbo la yai.

Macho hayatoshi kuamua ukavu, kwani uso hukauka upesi huku kiini kikibaki na maji. Mpingo, ambao hukerezwa kuwa klarineti na obo, hukauka polepole mno, na ndiyo sababu ncha zake, ambako maji hutoka haraka kuliko ubavuni, hupakwa nta ili zisipasuke.

Kiasi cha unyevu ni uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mti uliokauka kabisa. Sampuli iliyokatwa mbali na ncha hupimwa, hukaushwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena, kisha hupimwa upya: ikishuka kutoka gramu 56 hadi 50, gramu 6 zilizotoka ni asilimia 12. Kipima unyevu cha umeme hutoa jibu papo hapo, ila husoma pale tu pini zake zilipofika.

Fundi asiye na vifaa hivyo hutosheka na mizani ya jikoni. Kipande huandikwa uzito na tarehe, hupimwa kila wiki, na uzito ukitulia kwa wiki kadhaa, mti umelingana na hewa ya mahali hapo. Hata hivyo, mti uliotulia Tanga utasinyaa tena ukipelekwa Dodoma, kwenye hewa kavu zaidi. Bakuli la mti mbichi hukerezwa mara mbili: kwanza huachiwa unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 3 kwa bakuli la sentimita 30, kisha humaliziwa mizani inapoonyesha kwamba limetulia.