Mfalme Meiji: Aliyebadili Mavazi Asibadili Ulimi

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wazee. Lakini wazee hao hao walituusia pia kwamba ukiona mwenzio anyolewa, wewe tia maji. Methali hizi twazisikia kila siku, na mara nyingi hutumiwa kwa ugomvi: huyu ang'ang'ania ya kale, yule ataka mapya. Leo nawaletea wasomaji habari za mtu aliyejaribu kuzifuata zote mbili. Naye ni Mfalme Mutsuhito wa Japani, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Meiji, maana yake utawala wenye nuru.

Alizaliwa mjini Kyoto tarehe 3 Novemba, 1852. Zama hizo mfalme wa Japani alikuwa na heshima kubwa lakini hana amri. Alikaa ndani ya jumba lake, raia hawamwoni, na mambo ya nchi yaliendeshwa kutoka Edo na Shoguni, jemadari mkuu wa ukoo wa Tokugawa. Milango ya nchi ilikuwa imefungwa kwa zaidi ya miaka 200. Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara walikuwa Waholanzi peke yao, nao wakawekwa kisiwani Nagasaki.

Mtoto huyo hajatimiza mwaka, Julai 1853, Kamanda Perry wa Marekani aliingia karibu na Edo na merikebu nne, mbili zikienda kwa moshi, akataka milango ifunguliwe. Wajapani walikwisha kusikia yaliyoifika China katika vita vya kasumba, ilipopigwa na Waingereza ikapokonywa Hong Kong mwaka 1842. Kichwa cha jirani kimekwisha kunyolewa. Wakaanza kutafuta maji.

Mutsuhito alirithi kiti mwaka 1867, akiwa kijana wa miaka 14. Januari 1868 wakubwa wa majimbo ya Satsuma na Choshu pamoja na wenzao walitangaza kwamba amri imerudi kwa mfalme, na baada ya vita Shoguni akaondoka. Tusidanganyane: kijana wa umri ule hakuyafanya hayo peke yake. Walioshika usukani walikuwa watu kama Okubo, Kido na Ito. Lakini bila ya jina la mfalme, raia wasingaliwafuata.

Aprili 1868 mfalme alitoa ahadi tano. Ya tano ndiyo iliyonigusa mimi niliyelelewa chuoni, kwa ubao na wino: kwamba elimu itafutwe ulimwenguni kote. Nani kwetu asiyeujua msemo ule mashuhuri wa kuifuata elimu hata China? Wajapani walifunga safari kweli. Mwaka 1871 Iwakura Tomomi aliongoza ujumbe uliozunguka Marekani na Ulaya kwa karibu miaka miwili, wakikagua viwanda, shule, mahakama na mabunge.

Mambo yakaenda mbio. Edo ikaitwa Tokyo, mfalme akahamia huko. Majimbo ya mamwinyi yakavunjwa mwaka 1871. Mwaka 1872 ikatoka amri kwamba watoto wote, wa kiume na wa kike, wasome, na reli ya kwanza ikafunguliwa baina ya Tokyo na Yokohama. Mwaka 1873 kalenda ya kale ikaachwa. Mfalme mwenyewe akakata nywele zake, akavaa koti la kijeshi la Kizungu. Katiba ikatangazwa mwaka 1889.

Si wote waliofurahi. Samurai walikatiwa posho, na mwaka 1876 wakakatazwa kubeba panga. Mwaka uliofuata Saigo Takamori, mmoja wa wale wale waliomrudishia mfalme amri, aliongoza uasi, akafa vitani.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mfalme huyu, na koti lake la Kizungu, alikuwa mshairi. Hutajwa kwamba alitunga mashairi yapatayo 100,000 ya aina ya waka. Waka lina mizani 31: tano, saba, tano, saba na saba. Halina vina kama tarbia zetu, lakini mtunzi wake huhesabu mizani kwa vidole kama tuhesabuvyo sisi nane kwa nane. Kila mwaka mpya mashairi husomwa mbele ya mfalme. Ni katika enzi ya Meiji, mwaka 1874, ambapo raia wa kawaida waliruhusiwa kupeleka tungo zao, na tangu 1879 zilizochaguliwa zikasomwa barazani. Desturi hiyo ingaliko. Alibadili mavazi, hakubadili ulimi.

Waislamu nao wana kumbukumbu yao ya enzi hiyo. Mwaka 1890 mfalme alipokea zawadi na nishani alizopelekewa na Sultani Abdulhamid wa Pili, wa Dola ya Uthmani, kwa manowari Ertuğrul. Ikirudi, usiku wa tarehe 16 Septemba, dhoruba iliipiga miambani karibu na kisiwa cha Oshima, wakafa zaidi ya watu 500. Waliookoka ni 69. Wanakijiji maskini waliwavika nguo zao na kuwalisha akiba yao, kisha serikali ya Meiji ikawarudisha Istanbul kwa manowari zake mbili.

Lakini nguvu ina ulevi wake. Mwaka 1895 Japani iliishinda China ikachukua Taiwan. Manowari za Urusi, zilizokuwa zimetua kwa majuma mengi Nosy Be, kule Madagaska ambako wazee wetu hukuita Bukini, ziliangamizwa Tsushima Mei 1905. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Wazungu zilipata moyo. Miaka mitano baadaye, Japani ikaimeza Korea. Aliyeogopa kunyolewa amegeuka kinyozi.

Meiji alifariki tarehe 30 Julai, 1912. Aliacha shairi alilolitunga mwaka 1904, vita na Urusi vikiwaka, juu ya undugu wa wanadamu na machafuko ya bahari. Septemba 1941 mjukuu wake, Mfalme Hirohito, alilisoma mbele ya mawaziri na majemadari waliokuwa wakishauriana juu ya vita na Marekani. Walilisikiliza kwa adabu zote. Disemba wakaipiga Pearl Harbor.

Shairi walilihifadhi, hawakulifuata. Nasi tuliosoma chuoni twajua kuwa kuhifadhi ni jambo moja, kufuata ni jingine.