Upepo wa Baridi Utanguliao Mvua ya Radi Baharini

Wananchi wanaarifiwa kuwa ubaridi unaotangulia mvua ya radi, hasa nyakati za masika na vuli, hautoki baharini bali mawinguni. Matone ya mvua yapitapo katika hewa isiyojaa unyevu, baadhi yake hugeuka mvuke na kuipoza hewa hiyo. Hewa iliyopoa huwa nzito. Hushuka kwa kasi, ikafika usoni mwa bahari na kutawanyika pande zote, mbali na mvua yenyewe. Joto la hewa huweza kupungua kwa nyuzi 2 hadi 5 za Sentigredi, na ukingoni huvuma upepo wa ghafla uwezao kupindua chombo.

Hivyo, wavuvi na manahodha wanakumbushwa kushusha tanga mapema waonapo wingu la radi likikaribia. Ubaridi ukihisiwa, upepo umekwisha fika.