Je, Wajua? Pensheni, Bodi na Mkaguzi

Je, wajua kwamba BHS, kampuni ya maduka yenye wafanyakazi 11,000 nchini Uingereza, iliuzwa kwa pauni 1? Ilikuwa Machi 2015. Muuzaji, bilionea Philip Green. Mnunuzi, mtu aliyekuwa amewahi kufilisika. Mwaka uliofuata kampuni ikaanguka, na mfuko wa pensheni ukabaki na pengo la pauni milioni 571.

Na hesabu zake? Zilikuwa na hati safi, yenye saini ya kampuni ya ukaguzi ya PwC. Uchunguzi ukaja kufichua kwamba mkuu wa ukaguzi ule aliandikisha saa 2 tu za kazi, huku kijana mwenye uzoefu mdogo akiachiwa saa 29. Kampuni hiyohiyo ya wakaguzi ilikuwa ikilipwa na mteja huyohuyo kwa ushauri, tena fedha nyingi kuliko za ukaguzi. Sasa nani angethubutu kumwambia bosi kwamba vitabu vyake vina walakini? Faini ya PwC: pauni milioni 6.5. Green, baada ya kubanwa, aliupa mfuko wa pensheni pauni milioni 363 mwaka 2017.

Je, wajua Carillion? Kampuni ya ujenzi, ilianguka Januari 2018 ikiwa na pauni milioni 29 mkononi na madeni ya takriban bilioni 7. KPMG iliikagua miaka 19 mfululizo na kulipwa, kwa jumla, pauni milioni 29 zilezile! Wanahisa walikuwa wamepata gawio lao miezi michache tu kabla. Wastaafu waliambiwa wasubiri.

Na mchezo huu si mpya: Robert Maxwell, mmiliki wa magazeti ya Mirror, alipofia baharini Novemba 1991, ndipo ilipobainika kuwa mamia ya mamilioni ya pauni yamechotwa kwenye pensheni za wafanyakazi wake. Sheria ya pensheni ya Uingereza ya 1995 ikataka walau theluthi ya wadhamini wa mfuko wateuliwe na wanachama wenyewe. Hiyo, kwa maoni yangu, inashinda faini zote.

Tangu 2021, nchini humo, kigogo anayehatarisha pensheni za watu akijua au akiwa alipaswa kujua, bila sababu ya msingi, anaweza kufungwa hadi miaka 7.

Na je, wajua nani walichangia kwa miaka mingi kuwaokoa wastaafu wa kampuni zilizofilisika? Mifuko ya pensheni ya kampuni nyingine, kwa tozo iliyoanza 2005. Wasiochota nao walilipa.